Penye watu wengi, nani atasaidia? Maabara ya saikolojia ya jamii inavyofanya kazi

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York anaingia kwenye korido ndefu yenye milango ya vyumba vidogo vidogo. Msaidizi wa utafiti anamwingiza kwenye chumba kimojawapo, anamketisha mezani, anampa maikrofoni na vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Anamweleza kwamba yeye na wenzake watazungumzia matatizo ya maisha ya chuo katika jiji lenye mikikimikiki, na kwamba kila mmoja amewekwa chumba chake ili wasioneane haya. Mtafiti mwenyewe hatasikiliza. Kila mtu ana dakika mbili za kuzungumza, na zamu ya mmoja ikifika, maikrofoni za wengine zinazimwa.

Anaanza kijana mmoja. Anasema kuzoea jiji kumemshinda na masomo yanamwelemea, kisha kwa kusitasita anataja kwamba huwa anashikwa na kifafa, hasa nyakati za mitihani. Wanafuata wengine, na wa mwisho ni mwanafunzi wetu. Zamu inamrudia yule kijana. Anaanza vizuri, halafu maneno yanakwama, sauti inapanda, anaomba mtu amsaidie, anasema anakufa, anasikika kama anakabwa. Kisha kimya.

Kumbe hakuna kijana wala kifafa. Sauti ile ilikuwa kwenye kanda, na sauti za wale wengine pia. Mtu halisi katika mazungumzo hayo ni mmoja tu, huyo mwenye vipokea sauti masikioni, na nje ya mlango wake kuna anayehesabu sekunde aone atatoka lini.

Jaribio hilo lilifanywa na John Darley, aliyekuwa akifundisha chuoni hapo, pamoja na Bibb Latané wa Chuo Kikuu cha Columbia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1968. Walishiriki wanafunzi 72, wasichana 59 na wavulana 13. Kiini chake kilikuwa kubadilisha kitu kimoja: idadi ya watu ambao mshiriki aliamini wanasikia pamoja naye. Kati ya walioamini kwamba wako wao na mgonjwa tu, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna mtu mwingine mmoja anayesikia, asilimia 62. Walioamini kuna wengine wanne, asilimia 31. Hata waliotoka hawakutoka kwa kasi moja: kundi la kwanza lilichukua wastani wa sekunde 52, la mwisho 166.

Nimeanza na chumba hiki kwa sababu karibu kila kitu ambacho maabara ya saikolojia ya jamii inafanya kimo humo, ustadi wake na udhaifu wake. Sababu nyingine ni kwamba matokeo haya yamekuwa yakielezwa nusunusu kwa zaidi ya miaka hamsini.

Swali lilitoka gazetini

Tarehe 13 Machi 1964, kama saa tisa usiku, msichana wa miaka 28 aitwaye Kitty Genovese alichomwa kisu karibu na nyumbani kwake, mtaa wa Kew Gardens, Queens, jijini New York. Alikufa. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likaandika ukurasa wa mbele kwamba majirani 38 walitazama mauaji hayo kwa zaidi ya nusu saa na hakuna aliyepiga simu polisi wakati yakiendelea. Marekani nzima ikashika kichwa. Maelezo yaliyopendwa yakawa yale yale tunayoyasikia hata Dar es Salaam na Nairobi mtu akiachwa barabarani huku watu wakimpiga picha kwa simu: watu wa mjini wamekufa mioyo.

Darley na Latané waliligeuza swali. Ikiwa majirani 38 hawakusaidia, mbona tunasema hawakusaidia ingawa walikuwa 38? Huenda hawakusaidia *kwa sababu* walikuwa 38.

Hapo ndipo fani hii inaposimama. Mtu akitenda jambo, sisi wengine hukimbilia kusema yeye yukoje: mkarimu, mwoga, roho mbaya. Mtafiti wa saikolojia ya jamii anaanza kwingine. Alikuwa wapi? Na nani? Aliwaona wenzake wanafanya nini? Hakatai kwamba watu wanatofautiana, ila anashuku kwamba mazingira ya dakika ile yana nguvu kuliko tunavyoyapa sifa.

Utasema: si uwaulize tu wenyewe? Waliulizwa. Baada ya jaribio, washiriki waliambiwa waeleze kama kuwepo kwa watu wengine kuliwafanya wasite. Walisema hapana. Kwa maneno yao wenyewe, idadi haikuwa na uzito wowote, wakati takwimu zinaonyesha ilipunguza msaada kutoka asilimia 85 hadi 31. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya maabara hizi kuwepo. Binadamu si shahidi mzuri wa sababu zake mwenyewe, na dodoso pekee lingetuletea kile tu tunachopenda kujiambia.

Jambo lingine waliloliona: wale ambao hawakutoka hawakuwa wamekaa raha mustarehe. Mtafiti alipofungua mlango kumaliza jaribio, wengi walikuwa wanatetemeka mikono, viganja vimelowa jasho, na swali lao la kwanza likawa kama yule kijana amepata mtu wa kumsaidia. Roho zao hazikuwa zimekufa. Walikuwa wamekwama katikati, hawajaamua kutoka wala hawajaamua kubaki.

Ni nini basi kinachoturuhusu kusema idadi ndiyo iliyowakwamisha? Kura. Mshiriki hakuchagua awe kundi gani, na mtafiti hakumchagulia kwa kumtazama sura. Bahati ndiyo ilimpanga. Ukipanga watu wa kutosha kwa bahati, wakarimu na wachoyo, waliolala vizuri na waliokesha, watoto wa vijijini na wa mjini wanatawanyika takribani sawasawa pande zote. Makundi yakitofautiana baada ya hapo, kitu kinachobaki cha kulaumiwa ni kile ulichokibadilisha wewe. Bila kura, una masimulizi tu, hata yawe na takwimu nyingi kiasi gani.

Mwaka huo huo wawili hao walichapisha jaribio la pili, safari hii Columbia. Vijana walikaa wakijaza dodoso, na moshi ukaanza kupenya kupitia tundu ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 waliinuka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa na watafiti wasijali kitu, aliinuka mmoja kati ya kumi. Wengine tisa waliendelea kuandika huku wakikohoa, wakifikicha macho, wakipunga moshi kwa mkono ili waone karatasi. Walipoulizwa baadaye, walikuwa na maelezo: ni mvuke, ni kiyoyozi. Wawili walidhani ni gesi iliyopulizwa makusudi ili watu wajibu dodoso kwa ukweli.

Majaribio haya mawili yanafanana kwa juu lakini yanapima vitu viwili. Kwenye kifafa, washiriki hawakuonana. Kila mmoja alijua hali ni mbaya, ila alihisi mzigo si wake peke yake. Wataalamu wanakuita huko kugawanyika kwa wajibu. Kwenye moshi, tatizo lilikuja mapema zaidi: kila mmoja alimtazama mwenzake ili ajue kama hii ni hatari, mwenzake naye ametulia, basi wote wakakubaliana kimyakimya kwamba hakuna neno. Anayesema "watu hawasaidii wakiwa wengi" bila kutenganisha hayo mawili hajakuambia kitu unachoweza kukitumia.

Kazi isiyoonekana

Ukiingia kwenye maabara ya namna hii leo utakuta vyumba viwili vitatu, kompyuta, kamera, na watu waliochoka. Kuna profesa anayetafuta fedha, kuna wanafunzi wa uzamivu wanaobeba miradi, kuna wasaidizi wa shahada ya kwanza wanaopokea washiriki mlangoni. Washiriki wenyewe mara nyingi ni wanafunzi wa chuo hicho hicho, wanaolipwa kidogo au wanaopata alama kwenye somo.

Sehemu kubwa ya kazi ni kuziba mianya. Maneno ya kumkaribisha mshiriki yanaandikwa na kukaririwa, kwa sababu msaidizi akilitabasamia kundi moja kuliko jingine, jaribio limeharibika. Inapowezekana, anayempokea mshiriki haambiwi yuko kundi gani. Jaribio lote linapigwa mazoezi kwa watu wachache kwanza, na mara nyingi hapo ndipo inagundulika kwamba maelekezo hayaeleweki au hila imeshtukiwa. Video zikishapatikana, watu wawili wanazitazama kila mmoja kivyake na kuandika walichokiona: amegeuka, amesimama, ameuliza. Wakitofautiana mno, kosa liko kwenye maelezo ya kazi, na wanaanza upya.

Na ndiyo, watu hudanganywa. Hili linawakera wasomaji wengi, na wana haki. Kanuni ya sasa ni kwamba udanganyifu unaruhusiwa pale tu ambapo hakuna njia nyingine, madhara ni madogo, na mshiriki anaelezwa ukweli wote mwishoni. Zamani mipaka ilikuwa hafifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwafanya watu waamini wanampiga mtu shoti za umeme, na baadhi yao waliteseka waziwazi. Marekani ilipitisha sheria ya utafiti unaohusisha binadamu mwaka 1974, na leo hakuna chuo makini kitakachoanza bila kamati ya maadili kusoma kila ukurasa. Kwetu, mtafiti anayetoka nje anatakiwa pia kupata kibali cha tume ya sayansi ya nchi husika, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Jaribio la kifafa lingeweza kupita leo? Nadhani lingepita kwa mbinde, baada ya kupunguzwa makali.

Hesabu ambayo haikufanywa

Matokeo ya 1968 yaliingia kwenye vitabu vya kiada na kutoka humo yakaingia mitaani, yakiwa yamefupishwa: watu wakizidi, msaada unapungua. Hebu turudi kwenye zile asilimia tatu.

Zinahusu mtu mmoja mmoja. Asilimia 31 ni uwezekano kwamba *mshiriki huyu*, akiamini kuna wengine wanne, atatoka kabla sauti haijakatika. Lakini mgonjwa hajali ni nani aliyetoka. Anajali kama ametoka yeyote. Kama kweli wangekuwepo wasikilizaji watano, kila mmoja kwenye chumba chake na kila mmoja akiwa na uwezekano wa asilimia 31, uwezekano wa wote watano kubaki vitini ni 0.69 mara yenyewe mara tano, yaani takribani asilimia 16. Kwa hiyo uwezekano wa angalau mmoja kutoka ni kama asilimia 84. Fanya hivyo kwa wasikilizaji wawili wenye asilimia 62 kila mmoja, unapata kama 86. Na aliyekuwa peke yake ni 85.

85, 86, 84. Kwa upande wa mgonjwa, karibu hakuna tofauti, ukiacha kuchelewa. Hesabu hii ina sharti lake: inadhani wasikilizaji hawaathiriani, na kwenye jaribio la moshi tuliona watu wakionana wanaathiriana sana. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba takwimu zile zile zinajibu maswali mawili tofauti, na umma ulipewa jibu la swali moja ukadhani ni la jingine.

Wakati huo huo hata habari iliyoanzisha yote ilianza kubomoka. Mwaka 2007 Rachel Manning, Mark Levine na Alan Collins walipitia kumbukumbu za kesi ya Genovese na kuonyesha kwamba hakuna ushahidi wa watu 38 waliokaa dirishani wakitazama. Genovese alishambuliwa mara mbili, na shambulio la pili lilitokea ndani, kwenye ngazi, ambako karibu wote wasingeweza kuona. Jirani mmoja, Sophia Farrar, alishuka na kumpakata alipokuwa akikata roho. New York Times lenyewe liliandika mwaka 2016 kwamba idadi ya mashahidi na walichokiona vilitiwa chumvi mno. Namba ya dharura ya 911 nayo haikuwepo mwaka 1964. Marekani ilianza kuitumia 1968.

Basi nadharia iliyozaliwa na habari potofu ni potofu? Hapana, na hapa watu wengi huteleza. Majaribio yale yana uzito wake wenyewe, kwa sababu ya kura. Kilichohitajika ni mtu wa kwenda kutazama mitaani.

Kamera za usalama zilifanya hilo liwezekane. Richard Philpot na wenzake, akiwemo huyo Levine, walikusanya video 219 za ugomvi hadharani kutoka Lancaster ya Uingereza, Amsterdam na Cape Town. Katika asilimia 91 ya matukio, angalau mtu mmoja asiyehusika aliingilia: alimvuta mmoja pembeni, alisimama katikati, alimfariji aliyepigwa. Watu walipozidi kuwa wengi, uwezekano wa mhanga kusaidiwa na yeyote *uliongezeka*. Na Cape Town, jiji lenye vurugu kuliko hayo mawili ya Ulaya, haikuwa na tofauti nao kwa uwezekano wa watu kuingilia.

Ugomvi wa barabarani si moshi wa kimyakimya: unaonekana, hauna utata, na watu wanaonana. Hayo ni mazingira tofauti, na fani yenyewe ndiyo iliyotufundisha kwamba mazingira ndiyo yanayoamua.

Levine alikuwa ameshaonyesha kitu kingine mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Lancaster, na hiki kitawafurahisha wapenzi wa soka. Aliwaita mashabiki wa Manchester United, wakajaza dodoso kuhusu timu yao, kisha wakaambiwa wahamie jengo jingine. Njiani, mtu anayekimbia mazoezi anateleza, anaanguka, anashika kifundo cha mguu kwa maumivu. Ni mtu aliyepangwa. Akiwa amevaa jezi ya Manchester United, mashabiki 12 kati ya 13 walimsaidia. Akiwa na ya Liverpool, 3 kati ya 10, takribani sawa na akiwa na shati la kawaida. Shabiki wa Simba au Yanga hahitaji profesa wa kumweleza hilo.

Ila jaribio la pili ndilo tamu. Mashabiki wengine wa Manchester United, lakini dodoso safari hii linauliza kuhusu raha ya kuwa mpenzi wa soka kwa jumla. Sasa mwenye jezi ya Liverpool akasaidiwa karibu sawa na wa Manchester. Aliyeachwa chini ni mwenye shati la kawaida. Maswali machache kwenye karatasi yaliupanua mpaka wa "wenzetu", na hapo hapo yakamwacha mtu mwingine nje yake.

Makundi ya watu kumi na tatu, kumi... ni madogo, na hilo ni doa la fani nzima kwa muda mrefu. Mwaka 2015 watafiti wengi kwa pamoja walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu ni asilimia 36, na za saikolojia ya jamii zilikuwa chini zaidi, kama robo. Kabla ya hapo, 2011, profesa Diederik Stapel wa Tilburg, Uholanzi, alikutwa ametunga data miaka mingi. Maabara zilizojirekebisha sasa zinaandikisha mapema, mahali pa wazi, swali watakalopima na hesabu watakayoipiga, ili wasije wakachagua jibu baada ya kuona data. Data zinawekwa hadharani. Sampuli zimekuwa kubwa. Inapunguza mbwembwe, na tafiti nyingi za siku hizi zinaishia na jibu la "hatukuona tofauti", ambalo magazeti hayalitaki.

Swali la *nani* anapimwa limebaki gumu zaidi. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya ujuzi wetu kuhusu "binadamu" inatoka kwa wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri za Magharibi. Henrich alilijua hilo kutokana na mradi wa jamii 15 ndogo ndogo duniani, wakiwemo Wahadza wa Tanzania na Waorma wa Kenya, waliocheza michezo ya kugawana fedha iliyobuniwa kwa wanafunzi. Kwa Waorma, Jean Ensminger alieleza mchezo ambao kila mtu anaamua atoe kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja, nao wakautambua mara moja: hii ni harambee. Wakachangia zaidi ya nusu ya walichopewa. Mtafiti alidhani ameleta mchezo usio na historia, kumbe wachezaji walikuja na kamati ya shule, mchango wa zahanati na macho ya majirani, na wakaucheza hivyo.

Maarifa yenyewe nayo yanabadilisha watu. Mwaka 1978 Arthur Beaman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Montana waliwafundisha wanafunzi kuhusu majaribio ya Darley na Latané. Wiki mbili baadaye, mahali pengine kabisa, wanafunzi hao walimkuta mtu amelala chini huku mtu aliyepangwa akimpita bila kujali. Waliofundishwa walisimama kusaidia kwa asilimia kama 43, wasiofundishwa, 25. Kwa jamii ni habari njema. Kwa anayetaka kurudia jaribio la 1968 leo ni kazi ngumu, maana wanafunzi wanaokuja mlangoni kwake ni wa somo la saikolojia, na sura hiyo ya kitabu wameshaisoma.